Kadi ya chama haifui shaba

Vyama vya mafundi mjini Lubumbashi vinafanana kwenye mlango wa kuingilia. Unaleta picha mbili, unalipa pesa ya kadi, mtu anayekufahamu anakutaja mbele ya kamati, na kuanzia siku hiyo wewe ni memba. Hakuna anayekuambia: njoo na nyundo yako. Mwenye atelye, yaani karakana, ya kufua picha za shaba, mwenye kibanda cha mikufu ya malakiti, jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, na mchuuzi anayenunua vyote viwili avipeleke Kinshasa, wote wana kadi ya rangi moja. Kijana aliyeketi nyuma ya kibanda, uso umejaa vumbi la kijani, ambaye ndiye aliyelikata jiwe, hana.

Mchango wa kila mwezi unakwenda kwenye matanga, kwenye ndoa, na kwenye vinywaji vya mgeni mkubwa anapokuja kutazama maonyesho. Sibezi matanga. Fundi aliyefiwa, akakuta wenzake wamekwisha lipia jeneza, anajua chama ni kitu gani. Lakini chama cha matanga kinaweza kuundwa na watu wa avenyu moja au wa kanisa moja. Chama cha ufundi kinatakiwa kujua jambo ambalo hao wengine hawalijui, nalo ni kazi yenyewe. Ninachodai hapa ni kwamba chama cha mafundi wa shaba na malakiti kimiliki vitu viwili kabla hakijafikiria bendera na fulana: mzani na msumeno wa maji. Hata swali la nani awe memba litajibiwa na hivyo viwili.

Kabla Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, haijamimina shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911, shaba ya Katanga ilikuwa na wenyewe. Wayeyushaji wa kabila la Wasanga walijulikana kama wala shaba, watu ambao shaba ndiyo iliyokuwa shamba lao. Kiangazi, mavuno yakiisha, walikwenda kwenye vilima vya madini, wakachagua malakiti kwa mkono, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta viriba vya ngozi juu ya makala hadi jiwe la kijani litoe chuma chekundu. (Huku kwetu mkaa ni makala, msomaji wa Pwani asishangae makala kuzungumzia makala.) Kundi lao lilikuwa na wakubwa wake na miiko yake, na aliyeingia aliingia kwa kufundishwa motoni. Misalaba ya shaba imepatikana katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na mwaka 1960 mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga. Leo msalaba huo unauzwa ukiwa mpya kabisa, umepakwa udongo uonekane wa kale, na muuzaji anaweza kuwa memba aliyelipa michango yote.

Tuingie atelye. Picha ya shaba ya ukutani, ile ya sura ya mama anayetwanga au ya kinyago, inataka bati la unene wa milimita 0.5 hadi 0.8. Likizidi milimita moja, mkono unachoka na mistari midogo haitokei. Likiwa chini ya 0.4, linatoboka, na hesabu yake si ngumu. Kuba lenye upana wa sentimita 8 na kina cha milimita 25 linaongeza eneo la bati kwa karibu asilimia 40. Shaba haikuongezeka, imetandazwa tu. Bati la 0.6 limebaki 0.43 kwa wastani, na kileleni, kwenye pua ya sura, ni jembamba kuliko hapo. Aliyeanza na 0.4 kwa sababu ndilo alilolipata hana njia ya kufika kwenye pua hiyo. Atafanya sura bapa, au atatoboa.

Kazi inaanza motoni. Bati linapashwa hadi liwe jekundu lililofifia, kiasi cha digrii 600, kisha linazamishwa majini. Shaba si kama chuma cha pua au cha panga: maji hayaikazi, yanasaidia tu kupukutisha magamba meusi. Kupasha kufanyike kivulini. Juani wekundu ule hauonekani, fundi anaendelea kuchochea, na shaba iliyopitiliza moto inakuza chembe zake; ukiifua uso unakuwa kama ganda la chungwa na hakuna msasa utakaoufuta. Baada ya maji, asidi ya betri iliyopunguzwa: kipimo kimoja cha asidi katika vipimo vitatu vya maji. Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji. Ukigeuza, inachemka na kukurukia machoni, na hilo lingefaa kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la mwenyekiti.

Kisha bati linalazwa juu ya kitanda cha lami. Lami peke yake haifai. Inachanganywa na vumbi la tofali lililochekechwa, kama sehemu 2 za lami kwa 3 za vumbi kwa uzito, pamoja na kipande cha mafuta ya ng'ombe. Mafuta ndiyo usukani. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 hivi, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi. Kitanda kinakuwa kama kioo, kinapasuka chini ya tindo na bati linaruka. Ongeza mafuta. Oktoba joto linapopanda, kitanda hichohicho kinakuwa uji, tindo inazama, na mstari uliotaka uwe na ukingo mkali unatoka umevimba. Ongeza vumbi. Mafundi wawili wanaotumia mchanganyiko mmoja mwaka mzima watalaumu shaba, mmoja Julai, mwingine Oktoba.

Mistari inachorwa upande wa mbele, bati linageuzwa, sehemu za kuinuka zinasukumwa kutoka mgongoni, linageuzwa tena. Katikati ya hayo kuna sauti ambayo mwanafunzi anatakiwa kuijua kabla ya kujua kuchora. Shaba laini inajibu nyundo kwa sauti nzito, fupi. Ikishakaza kwa kupigwa inaanza kulia kama kengele, na nyundo inadunda. Hapo irudi motoni. Sura yenye kina cha sentimita tatu inarudi motoni mara nne au tano. Fundi mwenye haraka, kwa sababu mteja anasafiri kesho au kwa sababu makala yameisha, anarudisha mara mbili. Shaba inapasuka puani au kwenye kona ya jicho. Basi anaziba nyufa kwa risasi iliyoyeyushwa kutoka nyuma, anapaka weusi mbele, na picha inauzwa. Weusi ule wa kuonyesha ukale umefunika makosa mengi katika mji huu.

Kuna mpasuko mwingine unaowachanganya hata mafundi wazoefu, kwa sababu unatokea kwenye bati lililorudishwa motoni vizuri. Shaba ya umeme, ya nyaya na ya vipande vya transfoma, ina chembe kidogo sana ya oksijeni ndani yake. Ukiipasha kwa moto wenye masizi, moto wa njano usiopata hewa ya kutosha, hidrojeni ya moto huo inaingia ndani, inakutana na oksijeni, inafanya mvuke, na mvuke unaifungua shaba kwa ndani. Kwa macho haionekani. Ukipiga nyundo inavunjika kama biskuti. Dawa ni kuupa moto hewa, na kujua shaba yako imetoka wapi.

Na hapo ndipo penye kidonda. Tangu 2023 Kongo ni nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba. Malori yanapanga foleni kuelekea Kasumbalesa yakiwa na kathodi safi karibu asilimia 99.99, na fundi wa Katuba au wa Kenya, mitaa ya hapahapa Lubumbashi, hapati bati moja lililotoka kwenye shaba hiyo. Kathodi ni pande nene la kilo nyingi. Bila mashine ya kulivingirisha halimfai mtu wa nyundo. Fundi anabaki na mitraye, yaani vyuma chakavu: tangi za maji moto za nyumba za zamani, rejeta za magari, transfoma zilizoungua, nyaya. Kila mtu mjini anajua nyaya nyingine zilikuwa juu ya nguzo jana. Polisi akiingia atelye akakuta rundo, fundi ana kadi ya chama tu mkononi, na kadi haisemi rundo limetoka kwa nani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa, bila daftari, mwenye mali ndiye anayeisha. Daftari la chama kwa kila shaba inayonunuliwa lisiwe refu: tarehe, jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake, aina ya shaba, uzito, picha ya simu kabla haijakatwa. Nyaya zilizochomwa zikataliwe moja kwa moja. Muuzaji halali hana sababu ya kuchoma mpira wa waya usiku. Moshi wake ni sumu, na waya mweusi hauonyeshi tena ulikuwa wa nani. Chama kitakachokataa nyaya kitawapoteza memba fulani. Waende.

Mzani wa chama unafanya kazi ya pili, ya bei. Bati la sentimita 60 kwa 40, unene 0.6, lina uzito wa kilo 1.29. Hesabu: 60 mara 40 mara 0.06 ni sentimita za ujazo 144, na kila moja ni gramu 8.96. Mei 2024 shaba ilipita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la London. Kwa bei hiyo bati hilo lina shaba ya dola 13 hivi kabla ya kuvingirishwa, kusafirishwa na kutiwa faida ya mtu. Fundi anayenunua kwa macho hajui kama amelipa mara mbili ya hapo au mara tatu, na hawezi kumwambia mteja kwa nini picha yake inagharimu inavyogharimu. Chama kikinunua mabati kwa pamoja, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, kiyagawe kwa gramu, na vipande vinavyobaki baada ya kukata virudishwe mzanini viandikwe kwenye hesabu ya fundi. Katika atelye nyingi vipande hivyo vinaokotwa na mtoto wa jirani na kurudi jioni kama mitraye ya kununuliwa upya.

Yaliyobaki ya shaba nitayapita upesi. Bati lililopigwa katikati tu linabinuka, kwa hiyo kingo nazo zinyooshwe kwa nyundo ya mbao, la sivyo misumari ya fremu itang'oka baada ya mwezi. Salfa iliyochemshwa na chokaa inatoa weusi mzuri ikisuuzwa vya kutosha. Vanishi isipakwe Januari juu ya bati la baridi, kwa sababu unyevu unabaki chini yake na kufanya ukungu mweupe; lipashwe kwanza hadi liwe moto wa kuvumilika mkononi. Na lisishikwe kwa vidole vitupu: jasho lina chumvi, na wiki tatu baadaye mteja ataona alama ya dole gumba la fundi kwenye shavu la mama anayetwanga.

Malakiti ina shida nyingine, na kubwa zaidi, kwa sababu jiwe hili ni madini kwanza kabla ya kuwa pambo. Ni kaboneti ya shaba, na ikiwa safi asilimia 57 ya uzito wake ni shaba. Mnunuzi wa depo, pale wachimbaji wanapouzia madini, anapima shaba. Mistari ya kijani kibichi na kijani kilichokolea, iliyojipinda kama maji ya ziwa, haimhusu. Jiwe zuri linaingia kwenye gunia pamoja na takataka na kwenda kusagwa. Fundi wa Lubumbashi anapata kilichoponyoka, kwa bei ya aliyeponyokwa. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka wachimbaji wa mkono wawe ndani ya koperative (vyama vya ushirika) zilizokubaliwa. Basi kuna mtu wa kuandikiana naye mkataba. Chama kimoja cha mafundi na koperative moja ya wachimbaji, upande wa Likasi au Kolwezi: mafundi wachague mawe yenye mistari kabla gunia halijashonwa, walipe juu kidogo ya bei ya depo, kwa uzito, kwa risiti. Memba mmojammoja hawezi kuupata mkataba huo. Ndiyo maana ya kuwa wengi.

Sasa msumeno. Malakiti ni laini, ugumu wa 3.5 hadi 4, kisu kizuri kinaikwaruza, na ulaini huo ndio unaowadanganya watu wakaikata kavu kwa mashine ya mkono. Kavu inaleta hasara tatu kwa mkupuo. Diski inapasha jiwe, na malakiti haivumilii moto: inaanza kuoza kuwa oksidi nyeusi ya shaba, ndiyo mistari ile ya kuungua inayoonekana kwenye kingo za sanamu za bei rahisi. Joto linafungua jiwe kwenye mipaka ya mistari yake, nyufa zinazibwa kwa gundi na unga, na jiwe limekuwa nusu plastiki. Hasara ya tatu inaingia kifuani. Mate ya kijani na ladha ya chuma mdomoni jioni ni vumbi la shaba, na mawe mengi ya kwetu yana kwarizi, jiwe gumu kama kioo, katikati ya malakiti. Vumbi la kwarizi ndilo linalokausha mapafu polepole kwa miaka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Linahitaji barakoa ya chujio halisi, na zaidi ya barakoa linahitaji maji.

Msumeno wa maji una diski ya almasi, meza, tangi na pampu ndogo. Maji yatiririke pande zote mbili za diski, unene wa kalamu kila upande, matone hayatoshi. Kwa kuwa umeme na maji vinakaa meza moja, waya wa ardhi na kizima-umeme cha miliampea 30 si mapambo. Na kwa kuwa SNEL, shirika la umeme, inaweza kukata wakati wowote, mkataji ajifunze kurudisha jiwe nyuma mara tu sauti ya mota inapoanza kushuka, kabla diski haijakwama ndani. Diski iliyokwama ikirudishiwa umeme ghafla inalirusha jiwe. Bei ya mashine hiyo, pamoja na jenereta, haimstahili fundi mmoja anayekata mawe mawili kwa siku. Inawastahili ishirini, kwa zamu, kwa saa zinazoandikwa.

Tope linalotoka lisimwagwe mferejini. Lina shaba nyingi, na shaba hiyo inaua samaki na kukausha mboga za jirani. Mapipa matatu yaliyopangwa kwa ngazi yanatosha: la kwanza linakamata mchanga, la pili tope, la tatu linarudisha maji kwenye pampu. Tope likikauka liwekewe kufuli, kwa sababu kuna wanaolitaka, na nitawafikia.

Mpira wa malakiti, ile tufe ya kuweka mezani, unaonyesha vizuri jinsi mafundi wanavyojiuzia kwa hasara. Tufe ya milimita 50 inatoka kwenye mchemraba wa kama milimita 55, wenye uzito wa gramu 650 hivi. Pembe zinakatwa, kisha pembe za pembe, kisha jiwe linazungushwa kati ya vikombe vya bomba vyenye unga wa kusagia. Tufe iliyokamilika ina gramu 260. Asilimia 60 ya jiwe imekwenda, na hapo hatujahesabu mawe yaliyofunguka njiani. Anayepanga bei kwa kuangalia uzito wa tufe amewapa watu zaidi ya nusu ya jiwe lake bure. Ung'arishaji nao una saa zake: msasa wa maji 120, 220, 400, 600, 1000, bila kuruka, na kubadilisha maji ya ndoo kila namba. Chembe moja ya 220 iliyobaki kwenye ndoo ya 600 inachora mkwaruzo usioonekana hadi mwisho kabisa, juu ya ngozi na unga wa kromu, na hapo inabidi kurudi nyuma hatua tatu. Mteja aambiwe asilisafishe kwa ndimu wala siki. Litatoa povu, na mng'aro utakufa.

Uzito huohuo ndio unaowakamata walaghai. Malakiti nzuri ina uzito wa karibu mara nne ya maji; yenye vitundu inashuka hadi mara 3.6. Tufe ya milimita 50 iwe basi kati ya gramu 236 na 262. Ikiwa na 190, umeshika unga wa tope uliokorogwa na gundi, ukachorwa mistari. Mistari ya bandia inajitambulisha pia kwa macho, imelingana mno na nyeusi yake ni nyeusi ya rangi, lakini macho yanabishana na mzani haubishani. Sidhani ni dhambi kuuza kitu cha unga na gundi. Ni vizuri tope litumike. Liandikwe jina lake na liuzwe kwa bei yake, na lisikae meza moja na jiwe.

Jambo moja dogo kabla ya kuacha mawe. Si kila kijani ni malakiti. Musonoi, huko Kolwezi, ni maarufu kwa wakusanyaji wa mawe duniani kwa madini ya sindano za kijani yaitwayo cuprosklodowskite, na hayo yana urani ndani yake. Jiwe lenye sindano au magamba ya kijani yanayong'aa lisikatwe wala lisisagwe. Chombo kimoja cha kupima mionzi kinatosha chama kizima.

Kisheria, vyama vingi vya mafundi vinachagua sura ya ASBL, chama kisicho cha kutafuta faida, kwa sheria ya Julai 2001, kwa sababu karatasi zake zinafahamika na wafadhili wanaipenda. Lakini ASBL haiundwi kwa ajili ya biashara wala kwa ajili ya kuwagawia memba faida. Chama kinachotaka kununua mabati, kukodisha msumeno kwa saa na kuuza kwa jina moja kinajiwekea kitanzi kwa kuivaa nguo hiyo, na ndiyo maana pesa za vyama vingi zinaishia kwenye mambo yasiyo na hesabu. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria ya pamoja ya koperative ya mwaka 2010 inaruhusu koperative iliyorahisishwa kuanzia watu 5, na yenye baraza la uongozi kuanzia 15. Kila mtu ana kura moja, awe amenunua kilo mia au kumi. Ziada inarudi kwa memba kulingana na kazi aliyoipitisha kwenye koperative, na hiyo haihesabiki bila mzani. Kuna kifungu ambacho sijawahi kukisikia kikitajwa mkutanoni: asilimia 20 ya ziada ni lazima iende kwenye akiba ya kawaida, na nyingine 20 kwenye akiba ya mafunzo, hadi kila moja ifikie kiasi cha mtaji. Pesa ya kufundishia vijana imo ndani ya sheria tayari. Inakosa tu ziada ya kukatwa.

Kwa mpango huo mchango wa kila mwezi wa kiasi kimoja kwa wote unaweza kufa kwa heshima. Memba achangie kwa kilo alizochukua na kwa saa alizokata. Mwezi usio na kazi hana deni. Wa matanga wabaki na kisanduku chao, pembeni, kwa daftari lake. Kuchanganya visanduku viwili ndiko kunakoleta ugomvi wa kila Desemba.

Na uanachama? Ushike benchi la kazi, usimshike mwenye duka. Atelye iandikishwe kwa namba, na kila anayefanya kazi ndani yake ajulikane kwa ngazi: mwanafunzi, fundi, fundi mkubwa. Wachuuzi wawe wateja wa chama, wenye bei yao ya jumla, bila kura. Najua hapo kelele zitaanza, kwa kuwa wachuuzi ndio wanaolipa michango bila kuchelewa na ndio wenye Kifaransa cha kuandikia barua. Walipwe kwa kuandika barua.

Ili kupanda ngazi ya fundi kuwe na jaribio la siku tatu, mbele ya mafundi wa atelye nyingine, kamwe si wa atelye yake. Kwa shaba: bati la sentimita 20 kwa 20, unene 0.6, kuba la kina cha milimita 25 na ukingo wa mistari, bila risasi, bila weusi. Waamuzi waanze kutazama mgongoni, mbele kunadanganya. Kwa jiwe: tufe ya milimita 50, ipimwe vipenyo vitatu, tofauti isizidi nusu milimita. Na wote wawili waandike risiti inayotaja malighafi, uzito na saa za kazi. Wengi watakwama kwenye risiti, na afadhali wakwame hapo kuliko uwanja wa ndege wa Luano, mteja anapoulizwa kama alichobeba ni kazi ya sanaa au ni madini na hana karatasi ya kujibu.

Wazee wasipewe jaribio. Mtu aliyefua shaba miaka thelathini haitwi mbele ya vijana kuonyesha kuba. Watafutiwe kazi ya kuwa waamuzi, na posho yake itoke kwenye ile asilimia 20 ya mafunzo.

Muhuri ndio uje mwisho. Kwenye shaba ni tindo yenye namba ya atelye, inapigwa mgongoni kabla ya weusi kupakwa, na inakaa kwenye ofisi ya chama, haichukuliwi nyumbani. Kwenye jiwe huwezi kupiga kitu, kwa hiyo ni karatasi: namba ya atelye, kipenyo, gramu. Anayenunua, awe wa Kamalondo au wa Antwerp, akiwa na mzani wa jikoni atahakikisha mwenyewe. Karatasi ikisema 258 na jikoni kwake ikasoma 190, anajua amwandikie nani, na chama kinajua kiende kufungua pipa la tope la atelye ipi.